Kadi ya Siki

Siki ndiyo iliyotangulia kunuka, kwenye nyumba ambayo chipsi za kutiwa siki hazikuwa zimeingia tangu Krismasi. Beryl Larwood alinusa mapazia, akamnusa paka, paka akamkasirikia. Mwisho akaifuata pua yake mpaka kwenye droo ya kadi zake za Valentino.

Kadi hizo Norwich nzima ilizijua. Mwanamke ameshona viatu kiwandani maisha yake yote, hajaolewa, na kila akipatacho anakimalizia kwenye mapenzi ya watu waliokwisha kufa! Alikuwa na za karatasi iliyotobolewa kama lesi, na za kufunua kidirisha ukakuta watu wanabusiana. Zote hazina jina la mtumaji, maana ndiyo desturi: anayekupenda hajitaji, anakuacha ukonde kwa kukisia.

Lakini wazee hao hao waliotumiana mapenzi walikuwa na sumu yao. Waliuziana kadi za matusi, karatasi hafifu, picha mbaya, shairi chungu, wakaziita kadi za siki. Unampelekea jirani usiyempenda, naye, zamani kabla ya stempu, ndiye anayelipa posta. Mtu analipia kutukanwa! Beryl alizichukia. Hii moja, ndiyo iliyokuwa ikinuka, aliikuta chini ya kisanduku alichonunua mnadani Aylsham, na mkusanyaji hatupi kitu. Hayo ndiyo maradhi yao. Ilikuwa na picha ya mzee wa miguu ya nyenje, ameshika maua, na chini yake:

*Kikongwe unatafuta mke, kajikague meno kwanza;*
*arusi yako imepangwa, na bibi arusi ni jeneza.*

Akaifungia kwenye droo pamoja na nyingine. Ubaya ni kwamba, uzeeni hapo, Beryl alikuwa amepata mchumba: Horace Tuddenham, mgane, dereva wa basi aliyestaafu, ana meno yake yote na anapenda kuyaonyesha. Arusi ilikuwa Pasaka.

Sasa, mkesha wa Valentino sisi wa mkoa huu wa Norfolk tuna Jack wetu. Anabisha mlango wa nyuma, ukifungua hayupo, zawadi iko kizingitini. Kila mtoto anajua ni baba yake amezunguka nyumba mbio, na kila mtoto anamwamini Jack hivyo hivyo. Mlango ukibishwa jioni hiyo hatuulizi nani. Tunafungua, tunacheka, tunaokota, tunaingiza ndani.

Horace alifanya hivyo hivyo. Kesho yake akaitupa kadi mezani kwa Beryl.

"Umenipatia, bibie! Jeneza, eh? Nikuvishe pete au nikupigilie misumari?"

Beryl akaitazama, akaenda kwenye droo. Kufuli lilikuwa limefungwa. Kadi haikuwemo.

"Horace, sikuleta mimi."

"Basi ni Jack. Mwambie aoge, ananuka siki."

Akanywa chai, akakohoa, na jino lake la mbele likadondoka kikombeni. Wote wawili wakalitazama. Hakuna aliyecheka.

Beryl akaifungia tena, akaweka na pasi juu yake. Lakini jioni iliyofuata, siku ya Jack imekwisha pita, mlango wa Horace ukabishwa, na mkono wake ukafungua kwa mazoea ya utotoni kabla akili haijauzuia, na kadi ilikuwa kizingitini, kavu ingawa mvua ilikuwa inanyesha, na kila jioni baada ya hapo ikabishwa, polepole, kama mtu mwenye haki yake, na kila alipofungua jino lingine likalegea, pumzi ikapungua, miguu ikakonda ndani ya suruali, mpaka Beryl alipoishika kadi ile karibu na taa akaona mzee wa kwenye picha ana macho ya Horace, ana kovu la Horace kidevuni, na mdomo ule uliokuwa umefumba siku ya mnada sasa umefunguka, na ndani hamna kitu.

Akamkimbilia jirani yake, Ivy Gooch, mjane mwenye mdomo usiopumzika.

"Shoga, atakufa," alinong'ona Beryl.

"Twende kwa Keziah Nudd," Ivy akanong'ona naye.

Keziah wa Acle anaondoa chunjua, na vingine visivyosemwa kanisani. Aliinusa kadi, akatema mate motoni.

"Jini. Limezaliwa na chuki isiyo na jina. Aliyeituma hakujitaja, basi kitu hiki kinabisha milango kikitafuta mwenyewe. Kipe mwenyewe, mwanangu. Andika jina lako hapo chini, mpelekee mchumba wako mkononi, umwambie ni yako."

"Lakini si yangu! Atanichukia!"

"Atakuchukia akiwa hai. Na usije ukakana, wala mtu asimweleze. Siku atakayojua si yako, kitarudi kwake." Akamgeukia Ivy. "Na wewe, funga hilo domo."

Beryl akaandika *Beryl Larwood* kwa mwandiko wake wa shule. Wino ulipokauka harufu ikakatika.

Horace alikuwa kitandani, shavu limeingia ndani. Akasoma jina, akalisoma tena.

"Na ulinitazama ninakwisha?"

"Ni yangu, Horace."

"Toka."

Akapona. Ivy alimpelekea supu, maana mtu hana meno, na supu zikawa nyingi. Mtaa mzima tulijua, Keziah mwenyewe alishindwa kunyamaza, ila kwa Horace tulikuwa mabubu. Ivy ndiye aliyekuwa bubu kuliko wote. Kwa usalama wa Horace, alisema, huku akipimwa gauni la arusi.

Waliooana Pasaka ile ni Horace na Ivy. Beryl alialikwa, akaja. Bwana arusi, bia zimemkolea, akasimama na meno yake ya bandia.

"Beryl! Watu wananitazama kwa huruma, sijui kwa nini. Niambie mbele yao. Ile kadi ilikuwa yako kweli?"

Ivy akashika kitambaa cha meza. Na kwenye mlango wa nyuma, polepole, kitu kikaanza kubisha, na mkono wa Horace ukaachia bilauri, na mguu wake ukaelekea mlangoni wenyewe.

Beryl alimtazama Ivy kwa muda mrefu, na nawaambieni, Ivy alizeeka pale pale.

"Yangu," akasema Beryl. "Na kila neno nililimaanisha."

Mlango ukatulia. Horace akatema mate karibu na viatu vya Beryl, na Ivy akamkatia Beryl kipande cha keki.