Mke wa Kwanza wa Ridha

Ruweida aliona mistari miwili pale alipoandika mmoja.

Alikuwa akitengeneza mfumo wa taarifa za ndoa: ukibonyeza jina la mume, chini yake wanatokea wake zake. Kwa kuujaribu alimwandika mumewe, Ridha, akajiandika na yeye. Basi. Sasa Ridha alikuwa na wake wawili, na Ruweida ndiye wa pili. Mahali pa jina la wa kwanza palikuwa patupu. Tarehe ya ndoa ilikuwa ya mwaka ambao Ridha alikuwa na miaka sita.

Mtu mwengine angeogopa. Ruweida alishikwa na wivu, na wivu wake ungetosha kugawiwa mtaa mzima.

"Bi Saada, n'nani kachezea kompyuta yangu?"

Saada, mama mtu mzima aliyekaa meza ya pili, alikuja kutazama, akajiziba pua kwa mtandio. Ofisi ilikuwa inanuka udi, na hapakuwa na chetezo.

"Ridha kwao Wingwi, kule kwenye waganga?" alinong'ona. "Alipata kuumwa utotoni?"

"Degedege. Mamake kanambia walishakata tamaa, mara mtoto kainuka tu."

"Hakuinuka tu, mwanangu. Kaozwa jini ili aachwe hai. Usimguse huyu. Mtakeni radhi, mumpe zamu yake kama mke yeyote."

"Zamu? Kwa mume wangu mie?"

"Ruweida, nakuomba…"

Akabonyeza Futa. Mstari ukapotea, ukarudi, akaufuta, ukarudi tena, na kila ukirudi udi unazidi kunuka na bangili zinalia nyuma ya kiti chake, na Saada anasoma Ayatul Kursiy, mpaka Ruweida akabonyeza kwa ghadhabu bila kutazama alipobonyeza, na safari hii kilichofutika kilikuwa jina lake.

Bangili zikanyamaza. Nje adhana ya adhuhuri ilikuwa inamalizika.

Ruweida akampigia mumewe. Simu ikapokewa na mwanamke.

"Wee nani? Nipe Ridha!"

"Nilikuwa mke mwenzio," sauti ilijibu kwa upole. "Nilikuwa radhi tugawane. Umejifuta mwenyewe."

Kisha Ruweida akamsikia Ridha, karibu kabisa na simu, akiuliza kwa sauti ile ya mapenzi aliyodhani ni yake peke yake:

"Nani huyo, mke wangu?"

"Simjui. Kakosea namba."