Mshipi Ninao

Fyuuu. Kimya kidogo. Fyuuu tena, halafu kitu kikagonga bati.

Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali. Sauti ilitoka uani, nyuma ya ukuta wa chumba chake cha kazi. Alidhani kuna mtu anachapwa viboko. Akatega sikio. Anayechapwa hulia, na huyu hakulia. Badala yake alimsikia mumewe akinong'ona maneno yasiyosemwa mbele ya wakwe.

Akatoka, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

Mumewe alisimama katikati ya ua. Mtaani walimwita Cheche, kwa sababu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa sababu hasira yake huwaka upesi na kuzimika upesi. Mkononi alishika ufito wa kuvulia samaki, mpya, mnene, mrefu kuliko mlango. Kwenye ncha yake ulining'inia uzi wa nailoni. Uzi ule ulipita juu ya kamba ya nguo, ukazunguka shuka mara mbili, ukaishia kwenye kofia yake mwenyewe. Kisogoni ilikuwa imenasa ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ili ifanane na nzi.

"Umevua nini, baba watoto?"

"Kofia," alisema Cheche. "Usicheke."

Mkewe hakucheka. Alikuwa anahesabu siku. Leo Jumatano. Jumamosi ndiyo siku yao ya mto.

Katika mto ule wanaishi samaki waitwao trauti. Wanapenda maji baridi yanayokwenda kasi, na wanakula sana wadudu. Sheria ya mto haina mjadala: trauti huvuliwa kwa nzi wa bandia tu, na kila familia hupata kibali cha siku moja kwa msimu. Binti yao, kitinda mimba, aliahidiwa kupelekwa huko akiwa darasa la saba. Miaka tisa imepita. Kila msimu ulipofika palikuwa na geti la kuchomelea, au dirisha, au kitanda cha chuma cha mtu mwenye haraka. Sasa binti mwenyewe ni mwalimu, amepangiwa shule ya mbali, na anaondoka Jumapili. Wiki iliyopita alimwambia baba yake maneno machache tu, tena kwa upole: "Baba, Jumamosi hii au basi."

Ule upole ndio uliomchoma Cheche. Siku ya pili akaenda peke yake kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Alirudi kifua mbele, na ufito namba tisa na rili kubwa inayong'aa. Rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Muuzaji alimwonyesha namba tano, akaikataa. Yeye mtu wa vyuma, namba ndogo ataipeleka wapi?

Alikuwa bado anamtoa nzi kisogoni pale geti lilipofunguliwa. Aliingia Mama Barua, jirani yao, aliyepeleka barua mtaa mzima kwa miguu na kila siku ya mapumziko akashinda mtoni akiwaongoza wavuvi wenye kibali. Alikuja kuchukua suruali yake ya kazi iliyotiwa kiraka gotini. Aliutazama ufito, akaitazama shuka, akaweka mfuko wake chini.

"Shemeji," alisema, "mshipi wako uko wapi?"

Cheche akapandisha shati na kugusa kiuno. "Huu hapa. Kwani suruali yangu imeanguka?"

Mama Barua alimkazia macho. Kisha akauliza, taratibu, kama muuzaji hakumuuliza habari za mshipi. Cheche alikiri kwamba aliulizwa. Muuzaji alimwuliza, "Na mshipi?" naye akajibu, "Mshipi ninao." Tena alishangaa njia nzima, duka la uvuvi linauzaje mikanda. Uzi wa nailoni aliukuta karakana, akaufunga mwenyewe.

Hapo mkewe alishindwa. Alicheka mpaka akashikilia nguzo ya kamba. Mama Barua alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafuta machozi. Cheche aliwaka, akawatazama wote wawili, akazimika. Mdomo ukamcheza.

"Basi nifundisheni," alisema.

Mama Barua alieleza akiwa pale pale kwenye ndoo. Katika uvuvi mwingine, alisema, unarusha kitu kizito, na uzi unafuata nyuma. Kwa trauti ni kinyume. Nzi huyu wa manyoya hana uzito. Ukimrusha mwenyewe ataanguka miguuni pako. Kinachorushwa ni mshipi. Mshipi wenyewe ni mnene, umetengenezwa uwe na uzito, na unaelea juu ya maji. Ufito unapinda, unausukuma mshipi, mshipi unambeba nzi. Namba iliyoandikwa kwenye ufito ni ya uzito wa mshipi unaoufaa.

Cheche alibisha. Tisa ni kubwa kuliko tano, na chuma kinene hushinda chembamba.

Mama Barua alikubali kwamba tisa ina nguvu. Ni ya samaki wakubwa na upepo mkali. Trauti wa mto wetu akifika kilo moja, watu wanamzungumzia mwezi mzima. Ukimvua kwa namba tisa hutamsikia mkononi, na ule uzi mwembamba wa mbele, unaounganisha mshipi na nzi, utakatika. Tena kufika adhuhuri bega lako litakuwa linaomba talaka.

Mkewe alikuwa akisikiliza. Alikuwa anaona sindano zake kwenye kisanduku, kila moja na namba yake.

"Ni kama kazi yangu," alisema. "Naanza na kitambaa. Kitambaa kinachagua uzi, uzi unachagua sindano. Sishoni hariri kwa sindano ya turubai. Hapa trauti ndiye kitambaa, mshipi ndio uzi, ufito ndio sindano."

"Na rili?" aliuliza Mama Barua.

"Bobini, ninapokunjia uzi."

Mama Barua alimtazama Cheche. "Shemeji, ungemtuma huyu dukani."

Alipopewa suruali yake, aliomba karatasi akaandika: ufito namba tano, futi tisa, wa vipande vinne ili ubebeke, unaopinda mpaka katikati, maana huo unamvumilia anayejifunza. Rili ya namba hiyo hiyo. Mshipi unaoelea, namba tano, na hapa msibane matumizi. Uzi wa akiba, unaotangulia kukunjwa kwenye rili chini ya mshipi. Uzi mwembamba wa mbele, usioonekana majini, urefu kama wa ufito.

Alipoondoka, Cheche alisema hatarudi lile duka. Atachekwa. Yeye ni fundi, anaheshimika. Afadhali aongeze pete moja ya kupitishia mshipi kwenye huu huu kwa moto kidogo, utafaa.

Mkewe alimvua kofia, akaichomoa ndoana taratibu, akamrudishia kichwani. "Utachekwa na mtu mmoja kwa dakika tano," alisema. "Mtoto amekusubiri miaka tisa."

Cheche alienda kutafuta risiti.

Kesho yake asubuhi walikuwa dukani. Cheche alisema ukweli kabla hajaulizwa: alidhani anaulizwa mkanda. Muuzaji alimtazama usoni, akamtazama kiunoni, kisha akalala juu ya kaunta kwa kicheko. Cheche naye akacheka, na jambo likaisha. Ufito haukuwa na mkwaruzo, kwa hiyo muuzaji alikubali kubadilisha. Alisema na yeye ana kosa lake, angeuliza kwanza wanakwenda kuvua samaki gani.

Ufito ulipatikana upesi. Muuzaji aliwaonyesha kutazama kwa jicho moja kama pete zote zimekaa mstari mmoja. Akawaonya wasiuchape hewani bila mshipi. Kwenye rili ndipo walipovutana. Cheche alipenda nyingine inayong'aa, nzito kama kufuli; muuzaji akaweka ya pili kando yake. Mkewe aliomba uzi ufungwe kwenye zote mbili, akavuta kidogo kidogo kama anavyovuta uzi wa bobini. Ile inayong'aa ilikwama, ikaruka, ikakwama tena.

"Bobini ikiruka hivi, uzi unakatika," alisema. "Hii itatupotezea samaki."

Ya pili, ya kijivu, isiyo na mapambo, ilitoa uzi bila kushtuka. Breki yake iliteleza laini. Muuzaji aliifunga kwenye ufito, akaulaza juu ya kidole kimoja, karibu na mpini. Ulitulia kwa usawa, haukuzama mbele wala nyuma. Alieleza kwamba kwa trauti kazi kubwa ya rili ni kutunza mshipi, kwa hiyo nyepesi na laini inatosha. Cheche anarusha kwa mkono wa kulia, basi mshikio wa rili uliwekwa kushoto, asihangaike kubadilisha mikono.

Jioni Mama Barua aliwapeleka uwanja wa mpira. Kwenye ncha alifunga kipande cha sufu badala ya ndoana, na akawavalisha miwani na kofia wazoee, maana ndoana haijui jicho la mwenyewe. Cheche alirusha kama anayepiga nyundo, mshipi ukamwangukia kichwani. Mama Barua alimwambia arushe nyuma, asimame, asubiri mshipi unyooke, ndipo arushe mbele. Kusubiri ndiyo kazi iliyomshinda. Mkewe alisimama pembeni akamhesabia. Giza lilipoanza kuingia, mshipi ulinyooka mbele yake na kutua kwenye majani kama utepe.

Jumamosi maji yalikuwa baridi hadi mifupani. Cheche alirusha mara nyingi, akanasa mti mara mbili. Kisha akampa binti yake ufito, akasimama nyuma yake. "Nyuma. Simama. Subiri. Mbele."

Nzi alitua karibu na jiwe. Maji yakapasuka. Ufito ukapinda mpaka katikati, na ile rili ya kijivu ikaanza kuimba. Mama yake alishika utepe wake wa kupimia shingoni. Uzi haukukatika. Samaki alikuja pole pole mpaka kwenye wavu, madoa mekundu ubavuni, mrefu kama shubiri mbili.

Binti alimtazama samaki, kisha baba yake.

"Ilikuwa siku moja tu, baba? Miaka yote ile?"

Cheche aliinama, akaukunja mshipi polepole kwenye rili, duara juu ya duara, mpaka ukaisha.

"Msimu ujao wewe utakuwa likizo," alisema. "Siku ya kibali karakana itakuwa na kufuli, na ufunguo atakaa nao mama yako. Nitakuwa nimesimama hapa kabla yako. Na mshipi nitakuwa nao."

"Upi?" aliuliza mkewe.

"Wa namba tano," Cheche alimjibu, kisha akamgeukia binti yake. "Nakuahidi, mwanangu."