Sauti Upande wa Pili

Kabati lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo, si kwa nguvu. Dokta Sudabeh Narimani aliliona hilo kabla hata hajavua koti lake lililolowa. Mafaili yalikaa kama alivyoyaacha kabla ya kwenda kula. Kilichotoweka ni kaseti moja kuukuu, iliyofungwa kwenye kitambaa cha kijani.

Hakupiga kelele. Aliketi, akawapigia simu polisi, kisha akatazama mvua ya Göteborg, Uswidi, ikimwagikia reli za tramu.

Miaka yake yote ya kazi alikuwa akichunguza jambo moja: maulamaa wa Kishia na siasa. Nani alimpinga mtawala, nani alimuunga mkono, nani alinyamaza na kwa bei gani. Kwa kazi hiyo, kwao Iran walimfukuza chuoni, kisha wakamfukuza nchini. Kaseti ile ilikuwa darasa la mwisho la mwanachuoni mmoja wa mji wa Qom, lililorekodiwa siku askari walipokuja kumfungia nyumbani mwake, alimokaa mpaka mauti. Jumamosi ilikuwa isikilizwe mbele ya watu. Sudabeh alikuwa amesikiliza upande wa kwanza tu.

Inspekta Ylva Sandgren alifika, akakagua kufuli, akauliza funguo ni ngapi.

"Mbili," Sudabeh alimjibu. "Mmoja wangu, umo mfukoni mwa koti. Wa pili anao Mirsadeghi."

Mirsadeghi alikuwa shekhe aliyevua kilemba, mwanafunzi wa yule marehemu. Ndiye aliyeitorosha kaseti kutoka Iran, ikiwa imeshonewa ndani ya mto, na sasa alikuwa dereva wa tramu. Mlinzi wa jengo alisema alimwona kwenye ujia mchana uleule. Mirsadeghi hakukana. Alieleza kwamba alikuja kuswali adhuhuri katika chumba kitupu cha mwisho, kama kawaida yake, kisha akarudi kazini. Hakuna aliyemwona akiswali. Ylva akaondoka naye kwenda kumhoji.

Sudabeh hakuridhika. Alivuka barabara hadi kwenye duka la vitabu la Kambiz, mtu aliyewachukia wenye vilemba kiasi kwamba aliwahi kuapa mbele ya watu kuwa kaseti ile ataitia moto.

"Umeichukua wewe?" alimuuliza bila kuzunguka.

Kambiz aliendelea kupanga vitabu. "Dada yangu, ningetaka kuichoma ningeichoma mlangoni kwako, ukiona. Mimi na kuiba wapi na wapi? Kaseti ya marehemu shekhe wako kaitafute kwingine."

Hata yeye alimwita marehemu shekhe. Sudabeh ndiye aliyelieneza neno hilo makusudi, ili wanaomfahamu marehemu wasimtambue, na jamaa zake waliobaki Qom wasiguswe. Ukweli aliujua yeye na Mirsadeghi peke yao: marehemu hakuwa shekhe wa kilemba cheupe. Alikuwa Sayyid wa kilemba cheusi, mzawa wa Mtume.

Jioni ile Homayun Tavallali alikuja kumpa pole. Homayun alikuwa mchambuzi maarufu kwenye televisheni ya wahamiaji, mwenye sauti laini, na mara nyingi alisimulia alivyosoma hawza, chuo cha dini cha Qom, kabla hajafungwa na kukimbia. Mchana ule walikuwa wamekula pamoja mkahawani kwa Mama Nayereh, hatua chache kutoka ofisini. Katikati ya chakula Homayun alitoka kupokea simu, na wali wake ukapoa.

Sasa aliketi, akashusha pumzi. "Nilikuonya kuhusu Mirsadeghi. Aliyewahi kuvaa kilemba hakivui moyoni. Jana alimlilia yule Sayyid wake, leo amemuuza. Na kaseti ilikuwa hiyo moja tu duniani. Achana nayo, dada. Jumamosi waambie watu ukweli, warudi makwao."

Sudabeh alimimina chai asimwage hata tone, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akaegemea ukuta, akiyarudia maneno yake.

*Sayyid*, amesema. Nani kamwambia?

Akakumbuka na lingine. Homayun alisema aliipokea ile simu chini ya kibaraza cha mkahawa, lakini aliporudi mezani nywele zilikuwa zikimtiririka maji. Na koti la Sudabeh, lenye ufunguo, lilikuwa limetundikwa pale pale mlangoni alipopitia.

Yote hayo bado yalikuwa maneno. Neno jingine ndilo lililomfungua macho: *hiyo moja tu duniani*. Mtu aliyesoma hawza hawezi kulitamka. Mwalimu mkubwa akikaa kufundisha, wanafunzi humwekea vinasa sauti mbele kama vyungu sokoni, na kila mmoja huondoka na kaseti yake. Homayun hakuwahi kukaa kwenye mkeka wa wanafunzi hao. Basi alimjuaje Sayyid?

Alimpigia Ylva, akamweleza yote. Kisha akaanza kupiga simu Najaf, mji wa wanazuoni nchini Iraq, kwa mtu aliyemjua mtu aliyemjua mtu. Ijumaa mchana mzee mmoja wa huko alimjibu kwa utulivu: ndiyo, alikuwepo siku ile, na kinasa chake alikuwa amekificha chini ya joho. Rekodi ikatumwa kwa simu. Sudabeh alisikiliza upande wa pili peke yake, akalia, akanawa uso.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Homayun aliketi mbele, kama mwenyekiti wa shughuli. Mirsadeghi, aliyekuwa ameachiwa, alikaa nyuma akiwa peke yake, kwa maana hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Ylva alisimama mlangoni.

"Kaseti yetu iliibwa," Sudabeh aliwaambia watu. "Lakini darasa haliibwi. Sikilizeni."

Ikasikika sauti ya mzee ikifundisha, kisha kishindo cha mlango, kisha viatu. Mzee alisema bila kuharakisha, "Karibu, mwanangu. Kunywa chai kwanza." Sauti ya kijana ikamkatiza kwa ukali: "Umefundisha vya kutosha, Sayyid. Sasa utafundishwa."

Sudabeh akamtazama Homayun. Homayun akacheka kidogo. Alisema sauti hufanana, na kwamba siku hizi mashine zinaweza kutengeneza chochote.

Katika safu ya tatu Mama Nayereh alisimama, akishikilia kiti cha mbele yake.

"Mimi kule gerezani nilihojiwa nimefungwa kitambaa machoni," alisema. "Uso sikuuona. Lakini kila asubuhi mhoji wangu alianza na maneno hayo: sasa utafundishwa. Miaka yote hii, Homayun, ukiingia mkahawani kwangu mikono inanitetemeka. Nikadhani ni uzee."

"Mama, umechanganyikiwa," Homayun alimwambia, na ile sauti laini ikapasuka. Mle ndani ya ufa watu wote wakamsikia yule kijana wa kwenye kaseti.

Sudabeh alimgeukia. "Siku ile ulipekua nyumba nzima ukitafuta kaseti, hukuipata. Hapa ulipokewa kama mteswa, nawe ulikuwa mtesaji. Uliposikia tutalisikiliza darasa la siku ile, ulijua sauti yako imo."

"Na Alhamisi, wakati wa chakula, hukupokea simu yoyote," Ylva aliongeza akimsogelea. "Tumeangalia."

Homayun aliwatazama watu, akitafuta hata jicho moja la huruma. Kisha akasema polepole kwamba alikuwa kijana, na aliagizwa. Ylva alimshika mkono, na watu wakampisha kama wanavyopisha jeneza la mtu wasiyemjua.

Mlango ulipofungwa, Kambiz aliinuka, akaenda nyuma, akaketi kando ya Mirsadeghi. Hakumwomba radhi kwa maneno; alimpa mkono, nao haukuachiwa haraka. Kisha akapaza sauti: "Dokta, turudishie mwanzo. Tunataka darasa zima."

Wakalisikiliza lote, waumini na wasioamini, mzee akiwafundisha kwamba hakuna mwenye kilemba aliye juu ya haki. Lilipokwisha walisimama, wakapiga makofi mpaka vioo vikatetemeka.

Simu ya Sudabeh iliita. Ilikuwa Qom, binti wa marehemu. Mtu alikuwa amemwekea simu wazi ukumbini, naye amesikia kila kitu.

"Baba alipokufa walituzuia kukusanya watu tumsomee hitma," alisema. "Walituambia hakuna mtu atakayekuja." Kisha akauliza: "Niambie, dada. Leo mmekaa wangapi?"

Sudabeh aliwarudia watu swali hilo, akainua simu juu, ukumbi wenyewe umjibu.