Koti la Kompyuta

Kila Jumapili, ilipokaribia saa kumi alasiri, fundi cherehani alinyoa ndevu.

Hakuwa na safari wala mgeni. Alinyoa, akavaa shati lililopigwa pasi, akaketi mbele ya televisheni yake ndogo kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Watu wa mtaani walimwita Futi, kwa sababu utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake, hata akienda dukani kununua chumvi. Mkewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Binti yake wa pekee alikuwa muuguzi katika mji wa mbali, mwendo wa siku mbili kwa basi. Nyumba ilibaki na vyumba viwili, cherehani moja na mzee mmoja.

Binti alimwachia kompyuta. Haikuwa ile kubwa ya ofisini. Ilikuwa bodi moja tu, ndogo kama pakiti ya karata, ndani ya kasha jembamba la plastiki. Waya mmoja uliingia kwenye televisheni na mwingine kwenye umeme. Kamera ilikaa juu ya televisheni.

"Baba, hii ndiyo barabara yetu," binti alisema siku ya kuondoka. "Jumapili saa kumi, iwashe tu. Mimi nitakuwa hapo."

Chumba cha fundi cherehani hakikosi vumbi la nyuzi na pamba. Futi hakutaka barabara yake iingie vumbi. Basi akaishonea koti. Alipima urefu, upana na kimo. Alichukua kitambaa cha bluu, masalio ya sare ya kwanza ya uuguzi aliyomshonea binti yake. Akaweka pamba katikati na bitana ndani, akaacha matundu ya nyaya tu. Koti lilikaa bila mkunjo. Futi alisimama akalitazama, na siku ile nyumba haikuwa kubwa sana.

Lakini mambo yakaanza kuharibika. Kila Jumapili walizungumza vizuri mwanzoni. Ikifika kama dakika ya ishirini, uso wa binti uliganda kwenye kioo, mdomo wazi, neno limekatika katikati. Kisha maandishi yalitokea: *Mazungumzo yamekwisha.* Futi akibonyeza hiki na kile, mashine haikujibu.

"Amechoka," alijiambia mara ya kwanza.

Mara ya tano alijiambia, "Amenichoka."

Hakumlaumu. Nani atake kusikiliza habari za vifungo na pindo? Akaanza kufupisha hadithi zake ili zimalizike kabla ya dakika ishirini. Halafu akaacha kusimulia kabisa. Aliuliza tu, "Umekula? Umelala?" na binti alijibu, "Nimekula, Baba. Nimelala."

Siku moja kilikuja kifurushi. Ndani mlikuwa na kasha jipya la kompyuta, la alumini, lenye matundu na feni ndogo. Kulikuwa na karatasi pia: *Baba, mwenzangu kazini anasema mashine hizi hupata joto. Huenda ndiyo sababu tunakatika. Tafuta mtu akufungie.*

Futi aliligeuza kasha lile mikononi. Lilikuwa baridi, na halikushonwa na mtu. Akatazama koti lake la bluu. Moyo ukamwuma. Akalisukuma kasha chini ya meza ya kukatia vitambaa, nyuma ya maboksi ya nyuzi.

Jumapili iliyofuata binti aliuliza, "Baba, umefunga lile kasha?"

"Nimeshafunga, mwanangu," Futi alisema, bila kuangalia kamera.

Dakika ya ishirini, wakakatika.

Tangu siku hiyo, binti hakuuliza tena. Hata yeye akaanza kusema machache.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Alhamisi moja asubuhi, jirani yake alikuja kuchukua ovaroli aliyoleta kuwekwa zipu. Alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa redio na simu, na kibanda chake kilikuwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Watu walimwita Mama Waya.

"Hodi hapa."

"Karibu, jirani. Ovaroli yako tayari. Zipu hii itakuzika."

"Mimi au ovaroli?"

"Atakayetangulia."

Mama Waya alicheka, akaketi kwenye stuli. Kompyuta ilikuwa ikicheza nyimbo kwenye televisheni, kwa maana siku za kazi Futi aliiacha imsemeshe. Ghafla wimbo ukakatika.

"Imekuwaje hiyo?"

"Ndivyo ilivyo. Inachoka mapema, kama mwenyewe." Futi alikunja ovaroli taratibu. "Jumapili hii nitamwambia binti asijisumbue tena. Nitaitia kwenye boksi nimrudishie. Atapata mtu wa kumpa."

Mama Waya alimtazama. Kisha akatazama mezani. "Na hicho kilichovaa koti ni nini?"

"Ndiyo kompyuta yenyewe."

"Ina homa?"

"Ina vumbi, Mama Waya. Usinicheke."

"Sikucheki. Mshono ni mzuri. Nauliza tu." Alilivua koti lile kwa adabu, kama anayemvua mtoto aliyelala. Akagusa kasha la plastiki, akarudisha kidole upesi. "Hebu shika hapa, mzee."

Futi alishika. Akaachia. "Kama pasi."

"Kama pasi. Sasa niambie. Ukivaa koti la pamba saa saba mchana, ukabeba gunia, ukapanda kilima, utafika wapi?"

"Nitafika makaburini."

"Basi na hii ni hivyo hivyo. Ikifanya kazi hutoa joto. Joto likikosa pa kutokea, kwanza inapunguza mwendo. Likizidi, inaganda au inajizima ili isiungue. Na kazi ya video ndiyo gunia lake zito kuliko yote."

Futi aliushika utepe wake shingoni kwa mikono miwili.

"Inachukua muda gani mpaka igande?"

"Kwa koti hili na plastiki hiyo isiyo na tundu? Nusu saa haifiki."

"Dakika ishirini?"

"Hata ishirini."

Futi aliketi kitini. "Mimi nilidhani ni yeye anayekata," alisema.

Mama Waya alilikunja koti, akaliweka kando. Nje, mtu alipita akisukuma toroli.

Baada ya muda Futi aliinama chini ya meza. Alisogeza maboksi, akatoa kasha la alumini, limejaa vumbi. "Aliniletea hili. Nilimwambia nimeshalifunga."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Nilikuwa nimeshona la kwangu."

Mama Waya alipangusa vumbi kwa kiganja. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Leo maradhi tumeyaona, na dawa unayo mkononi. Nifuate bisibisi?"

"Ifuate."

Aliporudi na kikoba chake, alimkuta Futi ameshachomoa nyaya na anaivuta bodi kwa nguvu kutoka kwenye plastiki.

"Taratibu, taratibu. Uliizima kwanza kwenye kioo, au ulichomoa tu?"

"Ilikuwa imeganda. Nikachomoa."

"Kwa leo sawa. Ikiwa nzima, izime kwanza kwenye kioo, ndipo uchomoe umeme, vinginevyo utaharibu kumbukumbu yake. Tena ungoje ipoe. Na hiki hapa je?" Alionyesha kipande chembamba pembeni, kidogo kama ukucha. "Hii ndiyo kadi ya kumbukumbu. Kila ijuacho kompyuta kimo humu. Ukivuta bodi nayo imo, itakwama kwenye plastiki ikatike. Itoe kwanza."

Futi aliitoa kwa vidole viwili, akaichomeka katika mto wake mdogo wa pini, kati ya sindano mbili. Hapo hapakuwa na kitu kilichowahi kupotea.

"Sasa gusa bomba la maji pale," Mama Waya alisema.

"Nina kiu?"

"Una umeme. Mtu anayeshika vitambaa siku nzima hubeba umeme mwilini bila kujua. Hauwezi kukuua wewe, lakini unaweza kuua bodi. Ukigusa chuma kilichoingia ardhini, umeme huo unatoka. Kisha shika bodi kwenye kingo zake, usiguse katikati."

Futi aligusa bomba, akaitoa bodi kwa kuishika ukingoni kama anavyoshika hariri. Walipiga vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Kisha Mama Waya akamwonyesha mraba mweusi katikati ya bodi.

"Huu ndio ubongo. Joto lote linaanzia hapa. Kasha jipya lina mguu wa alumini ndani, ona. Mguu huu utakaa juu ya ubongo, unyonye joto, ulipeleke kwenye kasha zima. Na feni italipeperusha nje."

"Na hiki kijipande laini?"

"Pedi. Inakaa kati ya ubongo na mguu, ili pasiwe na nafasi. Hewa ikikaa katikati, joto halipiti."

"Kama bitana," Futi alisema.

"Eeh. Kama bitana."

Futi alibandua nailoni juu ya pedi, akaiweka juu ya ubongo. Ilikaa sawasawa, pembe kwa pembe. Alikuwa ameshachukua kasha ili alifunge, Mama Waya akamzuia.

"Umebandua upande wa chini?"

"Upo na wa chini?"

"Kila pedi ina nailoni mbili. Ukiiacha moja, utakuwa umefunga kazi bure."

Futi aliinua pedi, akachungulia, akatikisa kichwa. "Miaka arobaini nawagombeza wanafunzi. Kitambaa cha kola kina karatasi nyuma. Usipoitoa, gundi haishiki. Nawaambia, jamani, karatasi, karatasi. Kumbe na mimi."

"Leo wamelipiziwa."

Waliunganisha waya wa feni pale mchoro wa kwenye boksi ulipoonyesha, wakifuata rangi. Waliteremsha bodi mahali pake. Zilibaki skrubu nne. Futi alikaza ya kwanza kidogo tu, akavuka kwenda ya pembe iliyo mkabala, kisha mbili zilizobaki, ndipo akarudi kuzikaza zote.

"Nani amekufundisha hivyo?" Mama Waya aliuliza. "Wengi hukaza moja mpaka mwisho, kasha linakaa upande."

"Kola hubanwa pini hivi hivi. Ukianza upande mmoja, mwisho wa safari kuna mkunjo."

"Basi usizikaze zaidi ya hapo. Zikishika, zimeshika."

Walirudisha kadi, wakachomeka nyaya, wakawasha. Feni ilianza kuzunguka. Ilikuwa na sauti ndogo, kama mtu anayepumua usingizini chumba cha pili. Futi aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Itakusumbua?" Mama Waya aliuliza.

"Hapana," alisema. "Iache."

Waliiweka mezani, kwenye ubao mtupu, mbali na vitambaa na ukuta. Waliiachia video saa nzima, huku Mama Waya akinywa chai na kusema watu. Kisha wakaigusa. Ilikuwa vuguvugu, kama kikombe kilichosahaulika.

"Kila mwezi piga brashi matundu haya," Mama Waya alisema akibeba ovaroli yake. "Ukitaka kuikinga na vumbi, iweke mbali na meza ya kukatia. Usiifunike ikiwa inafanya kazi." Mlangoni alisimama. "Na Jumapili umwambie binti. Kasha nimekusaidia kufunga. Hilo jingine ni lako."

Jumapili Futi alinyoa mapema mno, hata akangoja saa nzima.

Binti alitokea kwenye kioo akiwa na sare. "Umekula, Baba?"

"Nimekula. Umelala?"

"Nimelala kidogo."

Walizungumza habari za mvua. Futi aliitazama saa ya ukutani. Dakika kumi na saba. Kumi na tisa. Aliona kwamba binti naye anatazama pembeni, kama mtu anayesubiri basi lililozoea kuja. Ishirini. Ishirini na mbili. Uso wa binti haukuganda.

"Leo huzimi, Baba?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nizime nini?"

"Kila Jumapili unazima. Nilidhani ni joto, nikakutumia kasha. Ukasema umefunga, na bado tukakatika. Basi nikajua ni wewe. Nikasema, Baba anachoka. Nisimlazimishe."

Futi alishika meza. Miezi mitatu, watu wawili, kila mmoja akimpumzisha mwenzake.

"Sikulifunga," alisema. "Nilikudanganya, mwanangu. Nililificha chini ya meza. Nilikuwa nimeishonea koti lile la bluu, nikaona aibu kulivua. Nilifunga Alhamisi, na Mama Waya. Sijazima hata siku moja. Mimi nilidhani ni wewe."

Binti alifunika macho kwa kiganja. Alikaa hivyo kitambo, na Futi hakuweza kumfikia. Siku mbili kwa basi ni siku mbili kwa basi, hata uso ukiwa karibu namna gani. Aliweza kungoja tu, na mashine ikangoja naye.

"Koti lenyewe liko wapi?" binti aliuliza mwishowe, akipangusa pua.

Futi alilinyanyua mbele ya kamera.

"Linahifadhi joto kweli?"

"Linahifadhi hata lisilotakiwa."

"Chupa yangu ya chai haihifadhi. Wodini, nikimaliza mgonjwa wa mwisho, chai imekuwa maji. Lingenifaa hilo."

Futi alikuwa ameshauvuta utepe shingoni. "Kimo chake?"

"Sina futi huku, Baba."

"Pima kwa shibiri."

Binti alilaza mkono kwenye chupa. "Moja na vidole vinne."

"Mkono ule ule?"

"Ule ule."

Futi alichora mstari kwa chaki. Mkono ule aliujua. Alikwisha kuupimia mikono ya sare zote, kuanzia ile ya darasa la kwanza. Akachukua mkasi, akaanza kufumua koti la bluu. Upande wa pili binti aliweka ubao wa pasi, akaanza kunyoosha sare ya kesho. Walifanya kazi hivyo muda mrefu. Hakuna aliyeaga. Ilipofika saa kumi na mbili Futi alikuwa ameanza kusimulia habari za vifungo, na feni ilikuwa inazunguka.