Kiapo cha Kidole Gumba

Stace alimfikia Amos Budgen darajani, akamvuta kutoka juu ya farasi. Budgen akaanguka chali matopeni. Bastola ikamgusa paji la uso.

"Umeapa kwamba Dorcas ni mwongo."

"Sikuapa, bwana! Nilibusu kidole gumba changu. Biblia haikugusa mdomo. Kiapo hicho hakishiki!"

Aliamini hivyo kweli, mpumbavu huyu. Nusu ya Sussex, kusini mwa Uingereza, inaamini.

"Utayasema hayo mahakamani. Inuka."

Dorcas Penfold, mtumishi wa nyumba ya wageni, alikuwa ametoa ushahidi kwamba alimwona Elias Tapsell akishusha chai ya magendo. Tapsell akaachiwa, kisha akamgeuzia kibao: akamshtaki kwa kuapa uongo, na shahidi wake akawa Budgen. Barnaby Stace, mpelelezi wa siri wa forodha, alikuwapo ufukweni siku ile. Aliona yote.

Mahakama ya mji wa Lewes ilijaa watu kwa kesi ya Dorcas. Stace akamsukuma Budgen ndani, akabaki mlangoni, kofia usoni.

Tapsell alimtazama Budgen. Alitabasamu tu.

"Sina la kuongeza, Mheshimiwa," Budgen akasema.

Mwoga!

Stace akapiga hatua. Mkono ukamdaka. Kapteni Lisle, mkuu wake.

"Thubutu! Tapsell anakujua kama mnunuzi wake. Ukifungua mdomo, shehena ya kesho hatuioni."

"Binti atapelekwa Amerika kama mfungwa, kufanyishwa kazi. Miaka saba."

"Chai kwanza. Binti tutamwombea msamaha wa mfalme."

Stace akarudi mlangoni.

Wazee wa baraza hawakutoka hata nje. Walinong'ona kidogo.

Ana hatia.

Kesho yake, ufukweni. Filimbi. Risasi mbili. Tapsell alipiga magoti mchangani, mikono kichwani, huku akitukana. Mashua tatu za chai zikakamatwa. Hakuna askari aliyekwaruzwa.

"Safi sana," Lisle akasema.

"Na msamaha?"

"Ah, Stace. Lazima mtu aape kwamba binti alisema kweli. Ukiapa wewe, wataniuliza kwa nini nilikuzuia siku ya kesi. Wakubwa hawataki maneno."

Mkokoteni wa wafungwa uliondoka Lewes asubuhi ya mvua. Stace alisimama kando ya barabara. Alijiona takataka, na alikuwa takataka.

Dorcas akainua minyororo yake kumwashiria.

"Wewe! Nilikuona siku ile ufukweni."

"Mbona hukunitaja?"

"Nilijua una kazi yako, kaka. Nikasema moyoni, atasimama mwenyewe kunishuhudia."

Mkokoteni ukapita.

Stace akaweka kofia yake sawa, akamwendea farasi wake taratibu. Lisle alikuwa akimngoja na amri nyingine.