Karatasi Aliyonisomea Inès

Kila Jumamosi nikitoka zamu ya kiwandani, namkuta binti yangu Inès ameshavaa jezi. Tunakaa Malvern, hapa Toronto, na uwanja wa mpira uko ng'ambo ya barabara tu. Mimi niliishia darasa la sita kule Uvira, Kongo. Kiingereza changu ni cha salamu na cha kazini. Kwa hiyo barua za shule, za kliniki, za mwenye nyumba, zote husomwa na Inès, mtoto wa miaka kumi na miwili. Anasoma, ananieleza, natia sahihi. Nyumba nyingi za kwetu zinaishi hivyo.

Jumatano moja, bila mimi kujua, aligongana vichwa na mwenzake mazoezini. Alirudi kimya, akafunga pazia, akasema amechoka tu. Kesho yake akaniletea karatasi.

"Inasema nini?"

"Ruhusa ya kucheza fainali, mama. Saini hapa chini."

"Maneno yote haya ni ruhusa tu?"

"Wazungu wanapenda kuandika, mama!"

Nikacheka, nikasaini.

Jumamosi, kabla ya fainali, Kocha Loretta alituita pembeni. Ni Mmarekani mwenye mvi, mmoja wa wanawake wa kwanza kuchezea timu ya taifa lao, enzi walipokuwa wakijifulia jezi wenyewe hotelini. Alikuwa amemwona Inès akikunja macho kwa sababu ya jua. Akasema neno, na Inès akanitafsiria akiangalia viatu vyake.

"Anauliza daktari alisemaje."

"Daktari gani?"

Kocha akatoa ile karatasi, akaweka kidole juu ya sahihi yangu.

"We Inès, mnahubiri huko?" rafiki yake Naqiya akapiga kelele kutoka uwanjani. "Njoo tupashe misuli!"

Inès hakugeuka. Kocha hakugomba. Alisema polepole, akisubiri kila sentensi itafsiriwe.

"Anasema... yeye mwenyewe, enzi zake za kucheza, aligongwa kichwa akaficha, aliogopa nafasi yake kupewa mwingine. Mara ya pili akaficha tena. Mara ya tatu..."

"Endelea."

"Mara ya tatu alisahau goli lao liko upande gani. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Hakucheza tena, mama. Ndipo akaanza kufundisha."

Halafu akalia. "Mama, karatasi ilisema daktari amenipima. Sikupimwa. Kichwa kinaniuma tangu Jumatano. Nilidanganya ili nicheze."

Nilitaka kumgombeza, lakini Kocha alinitangulia. Akamshika bega, akasema neno moja la mwisho.

"Anasema timu ina wachezaji wa akiba," Inès akanitafsiria. "Kichwa cha akiba hakuna."

Tulikwenda kwa daktari moja kwa moja. Akaagiza wiki tatu bila mpira. Timu ilifungwa mbili kwa moja, na Naqiya alimnunia Inès siku mbili nzima. Lakini wiki ya nne Inès alirudi uwanjani, mzima.

Wanangu mnaosoma haya, sikieni. Mzazi asiyeijua lugha ya ugenini anaona kwa macho yenu. Mkimfumba, hataliona shimo, na ninyi ndio mtakaotumbukia. Msomeeni yote, hata ule mstari unaowanyima mnachokipenda.