Nilikataa Kukaa Badala ya Shemeji Yangu

Nina umri wa miaka ishirini na sita, sijaoa, na ninaishi kwa baba yangu kijijini Mbuji, wilayani Mbinga. Kosa langu la kwanza, wasomaji wenzangu, lilikuwa kuona aibu. Nilimwonea aibu mzee mmoja niliyemkuta ameketi sakafuni katika chumba cha mahabusu, anasuka mkeka, na mlango uko wazi... Kama siku ile ningekaa chini nikamuuliza maswali mawili tu, leo nisingekuwa naandika haya.

Niwaeleze tangu mwanzo.

Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi iliyochanika jalada na redio ya jirani. Nilikuwa kijana wa kuogopa kukosea. Barua ya nusu ukurasa niliiandika upya mara tano, na nikishaituma nairudia kichwani hadi jibu lije. Niliamini kwamba msomi akikosea husamehewa, lakini mimi nikikosea watu watasema, "Si mnaona? Darasa la saba huyo."

Nilipata ukarani katika chama cha msingi cha kahawa. Hazikupita siku nyingi wakaingia wanunuzi binafsi na malori yao, wakawa wanalipa taslimu shambani kwa mkulima. Chama kikadhoofika, na sisi makarani tukaambiwa tukasubiri nyumbani. Tusubiri nini? Mpaka leo sijaambiwa!

Dada yangu Leokadia ameolewa Liuli, kando ya ziwa. Nilipokuwa mdogo nilikaa kwake miaka miwili nikisoma, na huko ndiko nilikojulia Kinyasa, lugha ya watu wa ziwani pande zote mbili za mpaka. Mume wake, shemeji Edwin, alikuwa mvuvi. Biashara ilipofunguliwa akaacha nyavu, akawa anapakia mtumbwini sabuni, chumvi na mitumba, anafuata ufuko kwenda upande wa Msumbiji. Huko vita vilikuwa vimekwisha karibuni na maduka hayakuwapo.

Ndipo padri mmoja akanitafuta. Alisema kuna mzungu, polisi mstaafu, anakwenda kuwashauri polisi wa nchi hiyo jirani. Polisi wao walikuwa wapya. Watu waliokuwa wakipigana risasi porini walivalishwa sare moja na kula maharage ya sufuria moja, halafu wakaambiwa walinde raia. Bwana Mshauri alihitaji mkalimani wa Kiingereza na Kinyasa. Je, ningeweza?

Ningekataaje!

Kituo chenyewe kilikuwa kijijini, ng'ambo ya mpaka. Nyumba ya matofali mabichi, vyumba viwili, askari saba. Mkubwa wao aliitwa Koplo Zuze, mtu mfupi, mcheshi, mwenye kovu shingoni. Asubuhi Bwana Mshauri alifundisha chini ya mti na mimi natafsiri: mtuhumiwa asipigwe, kielelezo kitunzwe, anayelalamika asikilizwe hadi mwisho. Yalikuwa mafunzo mema. Bwana Mshauri mwenyewe alikuwa mtu mwema.

Juma la pili nikamkuta yule mzee. Nilimwamkia, akaitika vizuri tu, vidole vyake havikuacha kusuka. Nikamuuliza Koplo Zuze mzee kakosa nini.

"Hana kosa," akasema. "Kakaa badala ya mpwa wake. Mpwa wake kapiga mtu, lakini mahindi yake yanaliwa na nyani. Kaenda kuyavuna, akimaliza anarudi."

"Na asiporudi?"

Askari wote wakacheka. Zuze akaniambia, "Mwalimu, hata shetani akikamatwa ana mjomba. Nani atamwacha mjomba wake alale hapa na kunguni?"

Ndivyo walivyozoea. Mtu akishikwa na ana jambo zito nyumbani, ndugu yake anaingia kukaa mahali pake, mlango hata haufungwi. Na wanaokaa ni wajomba, au mashemeji upande wa mke, maana hao hawatelekezwi.

Mimi niliona nini? Niliona mtu asiye na hatia ndani ya mahabusu! Niliona Bwana Mshauri akiingia, akitoa kalamu, akiandika kwamba kituo hiki ni mchezo wa watoto, na mkalimani wake yupo na hakusema neno. Dhamana nilikuwa nimewahi kuisikia kwetu, lakini niliijua kama kitu cha mahakama, cha mhuri na saini. Hiki cha kusuka mkeka nilikiona ushamba.

Bwana Mshauri hakukiona kamwe. Siku mbili baadaye aliitwa mji mkuu wao kwa mikutano. Aliniachia kazi moja tu: kurudia masomo aliyokwisha kufundisha, na kumwandikia maoni yangu juu ya kila askari, maana kwa maoni hayo ingeamuliwa nani abaki katika jeshi na nani arudishwe kwao.

Kurudia tu... Lakini mimi nikaongeza langu. Niliwapanga chini ya mti, nikawaambia kuanzia leo hakuna kukaa badala. Aliyeshikwa ndiye atakayekaa. Sheria haina mjomba.

Mmoja wao akauliza kama ni mgeni, yaani Bwana Mshauri, aliyesema hivyo. Nikajibu ndiyo.

Wasomaji wenzangu, ule ulikuwa uongo. Nilijiambia ni uongo mdogo, kwamba angekuwapo angesema hivyo hivyo.

Haikupita wiki, wakamleta shemeji Edwin.

Mwanakijiji mmoja aliibiwa wavu, na wavu ule ukaonekana ndani ya mtumbwi wa shemeji. Yeye alisema ameununua kwa kijana asiyemjua jina. Koplo Zuze akanitazama, mimi nikasema afungiwe hadi mkubwa wa wilaya afike, na mtumbwi uzuiwe kama kielelezo, ndivyo tulivyofundishwa. Shemeji alinitazama kama anayengoja nicheke.

Niseme ukweli unaonichoma: moyoni nilifurahi kidogo. Niliona nimepata nafasi ya kuonyesha kwamba mimi sipendelei ndugu. Nilianza hata kupanga sentensi nitakazomwandikia Bwana Mshauri... Mungu anisamehe!

Safari ile dada alikuwa amefuatana na mumewe, wamepanga kibanda pale kijijini pamoja na mtoto wao Lusia, wa miaka mitatu. Lusia alikuwa na mazoea ya kunivuta sikio akiniita "Njomba", hakuweza kusema vizuri. Siku ya tatu ya kufungwa baba yake, mtoto akashikwa na homa. Mchana ikawa degedege.

Zahanati ya kijiji ilichomwa wakati wa vita. Hospitali ni Liuli. Ziwa lilikuwa limechafuka, na wenye mitumbwi hawakutaka kuingia majini kwa ajili ya familia ya mtu anayeitwa mwizi. Mwenye kuthubutu alikuwa mmoja tu, aliyelijua ziwa lile kama kiganja chake, na huyo alikuwa ndani kwa amri yangu.

Dada alikuja na mtoto mgongoni. Hakulia. Alipiga magoti mbele ya meza yangu, yeye aliyenilea, mkubwa kwangu kwa miaka tisa.

"Mdogo wangu, sikuombi umwachie," alisema. "Kaa wewe humo ndani. Wewe ndiye shemeji yake. Yeye ampeleke mtoto, atarudi."

Askari wote walikuwa wanaangalia. Nilihisi macho yao usoni kama moto. Kama ningeingia mimi, somo langu lingebaki wapi? Wangesema nilitunga sheria kwa ajili ya wajomba wa wengine. Na Bwana Mshauri angesikia.

Nikamjibu dada yangu, "Sheria haiangalii ndugu, dada."

Koplo Zuze akafungua mkanda wake wa sare, akauweka mezani kwangu taratibu. "Basi nitakaa mimi," akasema. "Mimi si ndugu yao. Hapo sheria imekosewa wapi?"

Hata sasa najiuliza, kwa nini sikukubali? Mlango ule nilifunguliwa na mtu mwingine kabisa! Lakini nilikuwa naogopa, na mwoga akiwa na cheo ni hatari kuliko jambazi. Nilimwambia Zuze kwamba akigusa kufuli ile, jina lake nitaliandika la kwanza kati ya wanaofaa kurudishwa kwao. Alikuwa na watoto wanne na hakuwa na shamba.

Akachukua mkanda wake, akauvaa. Hakunitania tena tangu siku ile.

Kutoka ndani shemeji aliomba jambo moja tu, koti lake apewe dada amfunike mtoto. Dada akalipokea, akaondoka kwa miguu kufuata njia ya vilima kwenda mpakani, na jua lilikuwa linaelekea kushuka.

Nilibaki mezani. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Kulipopambazuka sikuweza tena, nikatoka mbio kuwafuata, hata viatu sikufunga. Nilipita vijito viwili, nikaanguka, nikaendelea. Karibu na mpaka pana kanisa dogo la nyasi. Kabla sijaliona nilisikia sauti za wanawake wakiomboleza.

Lusia alifia mgongoni mwa mama yake. Dada alitembea naye kipande kirefu bila kujua... Alidhani amelala.

Tulimzika Liuli. Mama yetu alishuka kutoka Mbuji kwa lori la kahawa akiwa bado hajui kisa. Kwenye maziko mjomba ana nafasi yake, hilo kila mtu kwetu analijua. Walipofika hapo, walimwita kijana mwingine wa ukoo, binamu wa mbali, akachukua nafasi yangu. Hakuna aliyenitukana wala kunifukuza. Nilisimama nyuma na wapita njia.

Na shemeji? Hakumzika mwanawe. Alikuwa bado amefungiwa!

Siku chache baadaye, nikiwa nimerudi kituoni, mdogo wa yule mwanakijiji aliyeibiwa wavu alikiri mwenyewe kwamba ndiye aliyeuuza, alikuwa anataka hela ya pombe. Koplo Zuze akafungua kufuli bila kuniuliza. Shemeji alitoka akasimama karibu nami, nikadhani atanipiga. Laiti angenipiga!

"Mimi sikutaka uniachie, shemeji," akasema. "Nilitaka uingie tu."

Akashuka ziwani kuutafuta mtumbwi wake.

Bwana Mshauri aliporudi, nilimsimulia yote, isipokuwa uongo wangu. Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini sikumruhusu koplo akae. Nikasema si sheria. Akasema ni sheria, kila nchi aliyofanya kazi inayo, kwamba mtu aliyedhaminiwa na watu wanaoaminika aende nyumbani angoje kuitwa. Inaitwa dhamana. Mhuri ni wa kusaidia kumbukumbu tu, kinachomrudisha mtu ni uso wa yule aliyemdhamini. Somo hilo alikuwa amelipangia wiki atakayorudi.

Mnajua kilichofuata? Alilifundisha! Chini ya mti ule ule, na mimi ndiye niliyesimama kutafsiri. Sentensi baada ya sentensi nilitoa kwa mdomo wangu maneno ambayo yangemponya Lusia.

Katikati ya somo Koplo Zuze akanyoosha mkono. "Mwambie mgeni kwamba hicho kitu sisi tulikuwa nacho," akasema.

Mkalimani hana ruhusa ya kuchuja. Nikatafsiri. Bwana Mshauri akauliza kilikwenda wapi, na nani alikiondoa. Kati ya askari saba hakuna aliyenyoosha kidole. Walikuwa wananionea huruma, na huruma ile ilikuwa chungu kuliko nyongo.

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kamusi kwamba nilikiondoa mimi, na nikawaambia askari kwamba ni yeye aliyeagiza. Kisha nikageuka, nikawaambia askari hayo hayo kwa Kinyasa. Bwana Mshauri hakunifukuza. Nilijiondoa mwenyewe, na kabla ya kuondoka niliandika maoni juu ya askari saba: wote wanafaa. Kuhusu mmoja nilitamani kuandika zaidi, lakini ningejuaje kuandika jambo kama lile?

Vijana wenzangu, hasa ninyi mliojisomea wenyewe usiku na mchana mkiogopa kuchekwa, nawasihi. Ukipelekwa kufundisha watu kazi yao, kwanza waulize wanaifanyaje, na kwa nini. Jambo ulionealo aibu huenda ndilo linaloshikilia nyumba nzima. Na usimsingizie mkubwa wako neno ambalo hakulisema... Mimi nilitafuta kutokukosea, nikafanya kosa ambalo halina marekebisho.

Shemeji na dada bado wako Liuli, na biashara yao imeinuka tena. Mimi napalilia kahawa ya baba, na nikiulizwa jambo nisilolijua nasema sijui. Zamani dada akipata habari yoyote, nzuri au mbaya, mtu wa kwanza kutumiwa ujumbe nilikuwa mimi. Mwaka huu amejifungua mtoto wa kiume. Habari hiyo niliipata sokoni Mbinga, kwa mtu baki.